Saa Moja Isigongwe Saba

Ukitaka kumwelekeza mtu dukani kwako katikati ya Arusha, Moshi au Dar es Salaam, humtajii namba ya jengo. Unamwambia aje mpaka Mnara wa Saa, avuke kipilefti, ahesabu maduka matatu, akipotea aulize. Wauza vitambaa, mafundi simu, mawakala wa mabasi, wenye maduka ya dawa na wauza juisi ya miwa, wote wanakula kwa jina la mnara mmoja. Jina hilo limechapwa kwenye kadi za biashara na kwenye risiti, na makondakta wa daladala wanaliimba kutwa. Wanaoinua shingo kuuliza mnara wenyewe ni saa ngapi, hao ni wachache.

Nina madai mawili, na nayaweka mezani mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. La kwanza: saa ya hadhara isiyolia ni bango tu, na wafanyabiashara wanaolitumia jina lake wana deni la kuirudishia sauti. La pili, ambalo najua litachekwa: sauti hiyo ikirudi, ihesabu kama tunavyohesabu sisi. Saa moja asubuhi igongwe mara moja. Isigongwe mara saba.

Naanza na sauti kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Katika kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, kuna saa ya chuma inayosemekana kutengenezwa mwaka 1386. Haina uso, haina mishale, haina namba hata moja. Kazi yake ilikuwa kugonga kengele kila saa, basi. Hata jina la saa kwa Kiingereza lina asili ya neno la kale la kengele. Watu wa zama hizo hawakutazama saa. Waliisikia wakiwa shambani, jikoni, sokoni, mikono ikiwa na kazi nyingine. Uso wenye mishale ulikuja kama nyongeza.

Na wafanyabiashara waliielewa sauti hiyo mapema. Mwaka 1355, mji mdogo wa Aire-sur-la-Lys, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Ufaransa, ulipewa ruhusa ya kujenga mnara wa kengele utakaotangaza saa za biashara na saa za kazi za mafundi wa nguo. Ulikuwa mji wa wafumaji, na wenye mali walitaka kujua kibarua anaingia lini na anatoka lini. Karne tano baadaye, mwaka 1897, duka kubwa la Marshall Field mjini Chicago lilitundika saa kwenye kona ya jengo lake, juu ya njia ya waenda kwa miguu. Watu wa mji ule wakazoea kuagana wakutane chini ya saa. Aliyewahi akamsubiri mwenzake, akiwa anasubiri akatazama vioo vya duka, na akitazama vioo mara nyingi aliingia. Mfanyabiashara yule hakuwa anatoa sadaka. Lakini ili watu waendelee kukutana pale, ilibidi saa iseme kweli. Siku ambayo ingeanza kudanganya, wangehamia kona nyingine. Hapo biashara na mtaa vilikuwa vimefunga mkataba ambao haukuandikwa: mimi nakupa wakati, wewe unanipa macho yako.

Sisi tumebaki na nusu moja ya mkataba huo. Macho tunatoa. Wakati hatupewi. Nimepita chini ya minara ya saa katika miji kadhaa, na mara nyingi nimekuta mishale ya upande wa mashariki haielewani na ya upande wa magharibi, au yote imelala mahali pamoja kama watu waliokata tamaa. Rangi ya kampuni ya soda, hiyo nimeikuta mbichi. Arusha, mgeni anayesimama kwenye mnara huambiwa kwamba yuko katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Ni hadithi nzuri ya kumuuzia picha, na ukichukua ramani utaona kwamba ni hadithi tu. Njia ile ya Cape hadi Cairo ilikuwa ndoto ya Waingereza waliotaka Afrika yao iungane bila kukatika. Basi mnara una habari ya kumpa mtalii kuhusu ndoto ya mkoloni, lakini hauna habari ya kumpa mama lishe kuhusu wali wake.

Utasema nimekuza jambo dogo. Ngoja nikueleze kwa nini kwangu si dogo.

Kabla ya chuo niliuza duka la vyombo kwa miezi 11. Mji siutaji na mwenye duka simtaji, maana aliyoyafanya hakuyabuni yeye. Tulikuwa wasaidizi watatu. Tukifika asubuhi, simu zetu zinaingia kwenye droo ya kaunta na ufunguo unakaa mfukoni mwa tajiri. Alisema simu zinafukuza wateja, na kusema kweli hilo halikuwa uongo mtupu. Iliyobaki ilikuwa saa moja ya ukutani, juu ya kichwa chake, ambayo yeye ndiye aliyeinunua, yeye ndiye aliyeitia betri, yeye ndiye aliyeirekebisha. Asubuhi saa ile ilikuwa na haraka. Ukifika unahema, inakuonyesha umechelewa dakika kumi, na dakika kumi zilikuwa na bei. Jioni ilikuwa mvivu. Katika mji ule jua halikuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni mwezi wowote wa mwaka, lakini adhana ya magharibi ilitukuta mara nyingi tukiwa bado tunapanga masufuria, na ukuta unatuapia kwamba haijafika saa kumi na mbili.

Dada mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa siku za kazi, alimwambia siku moja kwa adabu zote: "Bosi, mbona wameshaadhini?" Akajibiwa: "Msikitini kuna saa yao, hapa kuna yangu."

Jibu hilo ndilo ninalobishana nalo katika makala hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kwamba anayefanya kazi zaidi ya hapo alipwe kwa kila saa ya ziada si chini ya mara moja na nusu ya malipo yake ya kawaida. Maneno mazuri. Lakini sheria inayohesabu saa inahitaji saa ya kuhesabia, na kama saa pekee iliyopo ni mali ya upande mmoja, huyo mmoja ndiye mwenye kipimo na ndiye mwenye mzigo. Hakuna anayekubali kununua sukari kwa mizani ambayo muuzaji ameikalamka kuinamisha. Tuna wakala wa vipimo anayekagua mizani na kuzigonga muhuri. Muda wa kibarua, ambao ndio bidhaa yake ya pekee, unapimwa kwa betri ya tajiri.

Wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza katika karne ya 19 waliyajua haya vizuri. Walilalamika kwamba saa za viwandani zilisukumwa mbele asubuhi na kurudishwa nyuma jioni, na kwamba mfanyakazi aliyeonekana na saa yake mwenyewe alitazamwa kwa jicho baya. Ndiyo maana nasema kengele ya mnara ni shahidi. Ilijengwa na wenye mali ili imbane kibarua, hilo silikatai. Lakini sauti ina tabia moja ambayo mwenye mali hawezi kuizuia: ikishatoka, ni ya kila mtu. Kengele inayomwambia tajiri kwamba nimechelewa inaniambia mimi kwamba amenichelewesha.

"Kila mtu ana simu." Najua. Hilo ndilo jibu la kwanza ninalopewa, na huwa linatolewa na mtu ambaye simu yake haijawahi kufungiwa kwenye droo. Lakini tuseme zote zipo mikononi. Simu inamjibu mtu mmoja. Nikimwonyesha tajiri simu yangu, tunakuwa na saa mbili zinazogombana, ya kwangu na ya kwake, na wote tunajua ni ipi itakayoshinda. Kengele ikilia mtaani tumeisikia mimi, yeye, mteja aliyeshika sufuria, mpiga debe wa nje na fundi cherehani wa barazani. Hapo hana la kusema kwamba kuna saa yangu na saa yake. Saa imeshakuwa ya mtaa.

"Tuna adhana na kengele za kanisa." Tunazo, na zinafanya kazi yake vizuri kuliko mnara wowote wa halmashauri. Lakini kazi yake si hii. Adhana inafuata jua. Adhuhuri ya Dar es Salaam inasogea kwa karibu nusu saa kati ya majira na majira, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kengele ya kanisa inaita watu kwenye ibada. Hakuna kati ya hizo iliyoahidi kuhesabu saa za kazi, na si haki kumbebesha muadhini kazi ya mkaguzi wa ajira. Kengele ya mnara ikija, ijipange nyuma yao: ikigongana na adhana, isubiri dakika chache ndipo igonge.

Sasa nafika kwenye dai la pili.

Siku hizi naona biashara zinaanza kupenda saa upya. Majengo mapya ya maduka yanawekewa saa za mapambo, na wenye fedha wanazungumza kuhusu kukarabati minara ya zamani na kuifunga vipaza sauti. Jambo jema. Lakini mashine hizo huja zimepangwa tayari kulia kama London: kwanza wimbo wa kengele za Westminster, kisha mapigo ya saa. Wimbo wenyewe hata si wa Westminster. Ulitungwa mwaka 1793 kwa ajili ya kanisa moja la Cambridge, ndipo ukahamishiwa bungeni. Hata Waingereza waliazima, kwa hiyo sioni dhambi ya kuazima. Shida inaanza wimbo ukiisha na mapigo yakianza.

Jua limechomoza, watoto wako njiani kwenda shule, ni saa moja asubuhi. Mashine inagonga mara saba. Saa saba kwetu ni mchana, ni wakati wa kula. Mapigo saba alfajiri yanamwambia mama lishe aepue wali ambao bado hajauchambua. Halafu saa saba yenyewe ikifika, jua liko utosini, jasho linachuruzika, mashine inagonga mara moja. Saa moja! Kwa hesabu ya masikio, siku imeanza upya katikati ya chakula cha mchana.

Macho yetu yalishapata ujanja. Uso wa saa tulioletewa una 7 pale ambapo sisi tuna saa moja, na tumeishi nao bila ugomvi. Mtoto anafundishwa kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 7 atasema saa moja, ukiwa kwenye 8 atasema saa mbili. Mwingine anasoma namba iliyo upande wa pili, mkabala na mshale, na anapata jibu bila kuhesabu. Jicho linaweza kutafsiri kwa sababu uso wa saa ni picha, na picha inasomeka kwa namna nyingi. Sikio halina upande wa pili wa kutazama. Mapigo saba ni saba. Mnara unaogonga saba saa moja unazungumza lugha ya kigeni juu ya vichwa vya watu wa mji wake, mara kadhaa kwa siku, kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote.

Kuna wanaoiita hesabu yetu "saa za Kiswahili" kwa tabasamu dogo, kana kwamba ni lafudhi ya shamba na kwamba saa za kweli ziko kwenye tiketi ya ndege. Wakumbushwe tunaishi wapi. Mchana wa London unazidi saa 16 mwezi Juni na unashuka chini ya saa 8 mwezi Desemba. Mtu wa huko akihesabu kuanzia macheo atachanganyikiwa, kwa hiyo alitafuta mwanzo mwingine, akaupata katikati ya usiku. Mchana wa Dar es Salaam, kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa ya mwaka, hautofautiani hata kwa saa moja. Jua letu linashika zamu. Kuhesabu saa tangu linapochomoza na tena tangu linapozama ni hesabu ya mtu aliyetazama mbingu yake akaona inategemeka. Waethiopia wanahesabu hivyo hivyo. Hatukukosea namba, tulianzia mahali pengine, na mahali penyewe panaonekana kwa macho.

Wala si jambo jipya mashine ya saa kuinamia hesabu ya wenyeji. Wajapani walipopata saa za Ulaya walikuwa na hesabu yao: mchana uligawanywa mafungu sita na usiku sita, marefu au mafupi kwa kufuata majira. Mafundi wao wakazibadili mashine zifuate mafungu hayo. Na mapigo ya kengele zao yalihesabu kwa kushuka, tisa adhuhuri na tisa usiku wa manane, kisha nane, saba, mpaka nne. Hakuna aliyewaambia hiyo si saa. Waliendelea hivyo mpaka mwaka 1873 serikali yao ilipoamua vinginevyo. Miji mingi ya Italia ilihesabu saa kuanzia machweo, na Roma kulikuwa na saa ambazo mapigo yake hayakuzidi sita. Uturuki ilihesabu kuanzia machweo mpaka mwaka 1926. Saa maarufu ya Prague ina duara zima la nje lililowekwa kwa ajili ya hesabu ya kale ya Wacheki, nayo pia huanza jua likizama, na watalii wanasafiri kutoka pande zote za dunia kwenda kuipiga picha. Prague hawakuogopa kwamba mgeni atachanganyikiwa. Waliona kwamba mgeni amekuja kuona jambo ambalo kwao halipo.

Kuhusu gharama, fundi asikutishe. Saa nyingi za zamani za minarani hugonga kwa gurudumu la kuhesabu. Ni gurudumu lenye mapengo pembeni, na umbali kati ya pengo na pengo unaongezeka: nafasi ya pigo moja, kisha mawili, kisha matatu, mpaka 12. Nyundo inagonga mpaka kabari ya chuma iangukie kwenye pengo, ndipo inanyamaza. Gurudumu hilo halijui mishale iko wapi. Linajua tu zamu iliyopita lilifika wapi. Ndiyo maana saa za aina hiyo husumbua mafundi: mishale ikisogezwa ovyo, inaonyesha 3 na kengele inagonga 5, na fundi inambidi aigongeshe kwa mkono mpaka hesabu zikutane. Kinachomsumbua fundi wa Ulaya ndicho kinachotufaa sisi. Mwache aigongeshe kwa mkono hatua sita zaidi, na kuanzia hapo mishale itaonyesha 7 na kengele itagonga moja, milele, bila kununua hata skrubu. Kwenye mashine za kisasa zenye kipaza sauti ni kazi ya kubadili mpangilio.

Na kwa anayejali umeme, nimepiga hesabu. Tuseme kengele ilie kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, kisha inyamaze watu walale. Kwa hesabu ya London hayo ni mapigo 108 kwa siku. Kwa hesabu yetu ni 96. Hata nyundo itashukuru.

Rafiki zangu wa chuo wana pingamizi kali zaidi. Wanasema minara hii ililetwa na utawala uliotaka Mwafrika aende mbio kwa kengele, na kwamba kuifufua ni kufufua nyapara. Nawaelewa. Lakini nyapara hakuondoka mnara uliponyamaza. Alihamia ndani ya duka, akatundikwa juu ya kaunta, akapewa betri. Ukiikataa saa ya hadhara kwa sababu ilikuwa ya mkoloni, unambakishia kibarua saa ya tajiri peke yake, na hapo sijui umemkomboa nani. Mimi nachagua kuichukua kengele na kuifundisha kuhesabu kwa lugha ya wanaoisikia.

Wengine watasema jina linatosha, kwamba Mnara wa Saa utabaki Mnara wa Saa hata ukiwa bubu. Waende Unguja. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita ambavyo havikufika hata saa moja, na baadaye ikavikwa mnara wa saa mbele yake ukawa ndio sura ya mji kwa kila chombo kilichoingia bandarini. Mji Mkongwe wote ukaandikwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Jina kubwa kuliko hilo Afrika Mashariki ni vigumu kulipata. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya jengo iliporomoka, mnara ukiwemo, na watu wakafa. Jina halikushikilia dari. Dari inashikiliwa na chokaa, mbao, mafundi na fedha inayotengwa kila mwaka bila kungoja msiba.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa wafanyabiashara, si kwa halmashauri. Halmashauri tumeiandikia vya kutosha. Nyinyi ndio mnaokula kwa jina la mnara, na nyinyi ndio wenye msemo kwamba biashara asubuhi, jioni mahesabu. Haya ndiyo mahesabu.

Maduka yote yanayojitangaza kuwa "Mnara wa Saa" yachange kila mwezi, kila moja kwa ukubwa wake, na fedha hiyo imlipe fundi mmoja mwenye mkataba na ufunguo. Jina lake na namba yake ya simu viandikwe chini ya mnara, kwa herufi kubwa kuliko za soda, ili saa ikisimama mpita njia ajue wa kumpigia. Kampuni inayotaka kupaka rangi yake mnarani ipake, nafasi ni nzuri, nami sina ugomvi na soda. Lakini iwe kwa sharti moja katika mkataba: siku mishale ikisimama au kengele ikinyamaza, tangazo linafunikwa turubai mpaka saa irudi kazini. Mtaona mafundi watakavyopatikana haraka.

Wimbo wa Westminster uachwe. Hatuhitaji wimbo, tunahitaji hesabu. Jua likichomoza kengele igonge 12, kuufunga usiku. Kisha igonge moja, mfungue maduka. Wasaidizi wenu walioingia ilipogonga mbili wajue kwamba ikigonga 11 wametimiza saa 9 za sheria, na kila pigo baada ya hapo lina bei yake, mara moja na nusu. Kama kuna mwenye duka anayeona hesabu hiyo ikisikika mtaa mzima itamharibia biashara, basi huyo ametusaidia kujua ni biashara ya namna gani.